Jina la Mwisho la Binti Yangu

Nyumba yetu hapa Bankstown, ughaibuni, ina watu watatu na majina ya mwisho matatu. Kwetu Tanga hilo si jambo. Mtoto ana jina lake, la babake na la babu yake, basi. Huku kila karani akitutazama anauliza kama binti ni wangu kweli. Mke wangu akachoka, akaleta fomu: sote tuchukue jina langu la mwisho, yaani la babu yangu, liwe la ukoo kama wafanyavyo Wazungu.

Nikaisoma mara mbili. Jina la baba yangu linamtoka binti, na langu pia. Lahaula! Nimzae mimi, nimlee mimi, halafu kwenye karatasi nirukwe kama dimbwi la maji?

"Sitii sahihi," nikasema.

"Kichwa chako kigumu!" mke wangu akanijibu. "Mtoto anataabika shuleni."

Binti mwenyewe, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa upande wa mamake. Darasani walipewa kazi: kila mmoja achague jina la ukoo la Kiingereza, atafute watu wa historia na mahali penye jina hilo. Alijaza bango zima. Gavana, nahodha, jaji, mtaalamu wa mimea. Mtaa, bustani, kijito, hata mji kule Uingereza. Akaniambia kwa Kiingereza chake, "Baba, tazama, jina lao limejaa kila mahali. Letu liko wapi?" Iliniuma, sisemi uongo.

Nikauliza kama mtu wa Pwani: "Huyu gavana na huyu nahodha, nani mkubwa? Wamezaliwa na nani?" Nilidhani ni ukoo mmoja, watu wanaozikana. Kesho yake akamwuliza mwalimu, akarudi kanuna. Hawana udugu wowote. Wamefanana jina tu.

"Ala! Na hawa ndio unaowaonea wivu?"

Jumamosi nikampigia shangazi yangu Tanga, maana mababu niliowajua ni wanne tu, na aibu ilinishika. Shangazi akacheka. "Mkataa kwao mtumwa. Wewe umesahau tu, afadhali." Akatutajia saba, kila mmoja na habari zake: huyu fundi cherehani, huyu akisomesha chuoni, huyu mkali hana mfano. Binti aliandika, akataka kujua yule mkali alikuwa akimgombeza nani.

Siku ya kuonyesha mabango niliomba ruhusa ghalani ninakofanya kazi, Smithfield, nikakaa nyuma ya darasa na mke wangu. Fomu nilikuwa sijaitia hata nukta ya wino, na sikuwa na nia. Binti alimaliza magavana wake, kisha akasema anao wengine, hawana mtaa wala bustani, lakini hao wote ni ndugu. Akasimama wima, akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti. Alitaja jina lake. Lililofuata lilikuwa langu.