Nondo na Asali ya Mahari

Kisa cha nondo yule kilitugharimu asali ya mizinga miwili, beberu mmoja, na mwanamke mmoja ambaye hakukanyaga tena uani kwetu. Hasara hiyo nimeihesabu mara mbili, kwa sababu hesabu ya kwanza huwa ni ya hasira. Nikisikia harufu ya udongo mweusi uliochimbuliwa karibuni, ile harufu ya viazi vibichi na majani yanayooza, narudi moja kwa moja Mweiga, msimu wa mavuno nilipokuwa na miaka tisa, nikiwa nimeinama katika shamba la baba nikitafuta kitu ambacho hakikuwa kiazi.

Kila mkulima wa kwetu alimjua kiwavi wa nondo huyo: mnene kama kidole gumba cha mwanamume, kijani, mistari ya samawati ubavuni na pembe iliyopinda mkiani. Hula majani ya viazi mpaka ashibe, kisha hujizika. Huko chini hugeuka kuwa kitu kigumu cha rangi ya kahawia, kinachong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, hakina miguu wala macho, ila ncha yake huzunguka ukikishika. Sisi watoto tulikiita kielekezi. Unakishika wima, unakiuliza Nairobi iko wapi, nacho kinapinda ncha kukuonyesha. Watoto wote walikuwa navyo, lakini mimi peke yangu ndiye niliyevifanyia biashara. Swali moja, kiazi kimoja cha kuchoma. Swali la siri, viwili. Mtaji wangu ulikuwa kidole gumba: ukibana ubavu mmoja kidogo tu, ncha huenda upande wa pili. Nairobi yangu haikuwahi kukosea.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenikamata. Mama Zuhura alitoka Majengo, Nyeri mjini, kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, kununua asali ya baba mdogo Wachira. Alionja, akakunja uso hata kama asali ni nzuri, kisha akaanza na nusu ya bei. Nilimpenda kwa hilo, mpaka siku aliponitazama nikiwauzia binamu zangu majibu, akacheka. “Nyambura, huyo mdudu hajui njia. Kidole chako ndicho kinachojua.” Binamu zangu walidai warudishiwe viazi vyao, navyo vilikuwa vimekwisha kuliwa. Nilibaki na kinyongo hicho, nikakilisha vizuri, kikanenepa.

Hapo ndipo asali ilipoanza kupungua. Wachira alikuwa amechumbia, na kwa desturi yetu wakwe hawamsikilizi mtu kabla hajawapelekea muratina, pombe ya asali. Mizinga miwili ya ukingoni mwa shamba ilikuwa imetengwa kwa kazi hiyo, na kila alipoinyanyua kidogo kuipima aliiona nyepesi kuliko jana. Magharibi ikiingia, mlio mwembamba ulitoka mizingani, kama wa panya aliyebanwa na mlango. Nyanya alisema huyo ni nondo mwenye fuvu mgongoni, na kwamba nondo huyo haji bure: hutumwa na mtu mwenye jicho na mali yako. Akiingia nyumbani usimuue. Mfungulie mlango umwambie arudi kwa mwenyewe. Katika maneno yote hayo Wachira alisikia moja tu, kwamba ametumwa. Tangu siku hiyo kila mtu aliyewahi kuisifu mizinga yake akawa mshukiwa, akiwemo mwalimu wangu wa hesabu.

Alinijia mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu, na kiazi cha kuchoma mkononi. Kilikuwa kikubwa. “Hebu uliza hiyo kitu yako, huyu ananimalizia asali anakaa wapi?” Nilikishika kielekezi. Ningeweza kuonyesha Nanyuki, ambako hatukuwa na mtu tunayemjua. Nilibana. Ncha ikapinda polepole, ikaelekea Nyeri.

Jumanne Mama Zuhura alifika na ndoo zake, akakuta watu wamesimama uani kama wanaongojea mnada. Wachira hakumpa hata stuli. Alimwambia asali hakuna, na anayejua ilikokwenda ni yeye. Mama Zuhura akauliza ushahidi uko wapi, akaonyeshwa mimi na kielekezi changu. Nilitegemea anisute pale pale, lakini alisema kwa upole, “Wachira, kiweke hicho chini. Mtoto akae mbali. Halafu ukiulize tena.” Kikawekwa juu ya gunia, kikaulizwa. Kikalala kama jiwe.

“Unaona?” Wachira akasema. “Ilishajibu. Haitaki kurudia.”

Baadhi ya watu walitikisa vichwa kukubali. Mama Zuhura aliokota ndoo zake, kisha akanigeukia mimi, si Wachira. “Mwanangu, asali yenu mimi huiuza kwa jina langu. Nikiitwa mwizi huku, kule Majengo hawatanunua kwangu hata maji. Kama una neno, liseme sasa.”

Nilitazama vidole vya miguu yangu, nikavihesabu, vikawa kumi. Nikavihesabu tena. Nilipoinua uso alikuwa amekwisha kufika barabarani.

Siku tisa baadaye Wachira alifungua mzinga akamkuta mwizi. Nondo mkubwa kama kiganja, amekufa katikati ya masega, nyuki wamempaka nta na gundi yao mpaka amekuwa kama sanamu, na lile fuvu la manjano bado linaonekana mgongoni. Ukubwani nimejifunza kwamba ana harufu inayowadanganya nyuki wamdhanie mwenzao, na kwamba mlio wake ni hewa tu anayoisukuma mdomoni, hakuna aliyemtuma. Watu wa kwetu walishusha pumzi: mwizi amepatikana, kesi imekwisha. Mimi nilipiga hesabu. Nondo mzima hawezi kunywa asali ya kujaza kijiko, na masega yaliyopungua yangejaza sufuria. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za Wachira zilikuwa zikinuka pombe changa tangu mwanzo wa mwezi. Sikusema, yeye naye hakusema. Alinunua asali Nanyuki kwa bei ya wageni, wakwe wakadai beberu kwa kucheleweshwa, na hakuna aliyependekeza mtu atumwe Majengo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Siku hizi mashamba ya Mweiga hupigwa dawa, na unaweza kuvuna magunia kumi usikutane na kielekezi hata kimoja. Wanangu huiuliza simu njia, nayo huwajibu bila kusita, nami husimama nyuma yao nikijiuliza ni kidole cha nani kinachobana. Nina kibanda cha asali Nyeri mjini, ambapo najulikana kwa jina la mwanangu. Tangu mvua zilipokatika, bibi mmoja hunijia kila Jumanne. Nilimtambua kwa jinsi alivyokunja uso kabla hajaonja. Yeye aliniacha mtoto, hanijui. Jirani yangu wa kibanda, mzaliwa wa Majengo, aliniambia kwamba bibi huyo aliwahi kuwa na biashara nzuri, mpaka uvumi fulani ulipotoka Mweiga ukamtangulia nyumbani, akaishia kuwafulia watu nguo miaka mingi.

Anataja nusu ya bei, nami nakubali. Wiki iliyopita aliirudisha chupa mezani akanikazia macho. “Mbona hubishani? Umetia nini humu?” Ilinibidi nidai shilingi ishirini zaidi ndipo akatulia. Sasa ananishuku, na ana haki. Jumanne atakuja tena. Wewe uliyewahi kuomba radhi iliyochelewa kiasi hiki, nisaidie: nimwambie faraghani, au mbele ya wateja kwa kuwa aliaibishwa mbele ya watu? Na nianze na jina langu, au nianze na kosa?