Kahawa Aliyoitwanga Risper

Risper alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, mzaliwa wa Ugenya, na kwa miaka minne alipika, akafua na kulea watoto katika nyumba moja ya Al-Naseem, Riyadh. Kila msimu wa baridi familia ile hushikwa na hamu ya jangwa. Watu wenye sebule tatu na viyoyozi kumi huenda kulala mchangani, na kazi ya kuhakikisha wamelala vizuri ilikuwa ya Risper.

Safari hii walikuwa wanatoka harusini Jeddah, wakirudi Riyadh kwa kukatiza jangwa, kambi hadi kambi. Familia ilipanda magari mawili ya kifahari. Risper alipanda lori pamoja na mahema, mapipa ya maji na kondoo sita, kando ya dereva Yazid, mtu wa Jeddah ambaye babu yake alihama Unguja mwaka sitini na nne.

"Mbona kimya, dada? Kuna aliyekuudhi?"

"Exit yangu inaisha kesho kutwa, kaka. Na pasi iko kwa mkoba wa bosi."

Yazid akaguna. Alijua maana yake. Viza ya kuondoka moja kwa moja ilikwisha kutolewa, tiketi ipo. Lakini tarehe ikimpita akiwa bado nchini, Risper atabaki mtu asiye na karatasi, na mtu wa namna hiyo hupika miaka mingine minne bila kuulizia kwao. Bosi hakuwahi kumkatalia. Alikuwa akimzungusha tu, na hilo ndilo lililomchoma Risper kuliko tusi.

Asubuhi iliyofuata, chai ikinywewa, bosi akatangaza kwamba wangekaa hapo siku nne zaidi. Risper aliweka sinia chini.

"Baba, nataka pasipoti. Kesho naenda kwetu."

"Mafi, hakuna. Yalla, kazi."

"Nataka pasipoti, baba."

Bosi alivua agali, ile kamba nyeusi inayobana kilemba, akamchapa nayo usoni. Akamchapa tena shingoni, na tena, huku watoto aliowalea Risper wakitazama na mikate mikononi. Madam aliinuka akaingia hemani. Yazid alikuja mbio kutoka kwenye lori, akasimama katikati.

"Halas, baba, inatosha. Mwanamke huyu hana kosa."

Bosi akachomoa chuma cha hema. Pigo la kwanza lilimpata Yazid mdomoni, meno mawili yakaruka. La pili likamvunja ubavu, mlio wake ukasikika. Alipoanguka bosi hakuacha. Alimpiga mgongoni na miguuni kama mtu anayeua nyoka.

Risper akajikuta ameshika mchi wa shaba wa kutwangia kahawa, na kisogo cha bosi kiko wazi mbele yake. Alitaka kukipasua. Alitaka kwa moyo wake wote, na mimi simlaumu. Lakini alijua kwamba akikipasua, hatarudi kwao tena. Akapiga magoti mbele ya kinu kitupu, akaanza kutwanga kwa nguvu zake zote.

Misimu minne ya kambi ilikuwa imemfundisha jambo moja: mlio wa kinu kile ni mwaliko. Anayeusikia huja kunywa kahawa, na mwenye kambi hawezi kumfukuza.

Walikuja kutoka nyuma ya kilima cha mchanga, mzee mmoja na wanawe wawili. Bosi alitupa chuma, akajifuta jasho, akawakaribisha. Angefanya nini tena? Risper akachemsha kahawa, akaimimina, uso umemvimba, damu ikimdondoka kidevuni. Mzee alipokea kikombe, akamtazama, akamtazama na Yazid aliyekuwa akitema damu mchangani. Kisha akaweka kikombe mkekani bila kukionja.

Bosi akabadilika rangi. Mgeni akikiweka kikombe hivyo, ana ombi, na ni aibu ya maisha kumnyima.

"Binti yangu," mzee alimuuliza Risper kwa Kiarabu, "unataka nini?"

"Pasipoti yangu, baba, na niende zangu."

Bosi aliufuata mkoba wake, akarudi na pasipoti, akaitupa katikati ya makaa yaliyochemshia kahawa.

"Haya. Nimempa."

Risper hakufikiri. Alitia mkono wa kulia motoni hadi kifundo, akapapasa, akaitoa. Jalada lilikuwa linawaka, akalizima kwa kulibana kifuani. Ngozi ya vidole ilibaki kwenye makaa, na yowe lake liliwafanya kondoo wakate kamba.

Mzee alimwaga kahawa yake mchangani, akaondoka bila kuaga. Wanawe walimpandisha Yazid na Risper kwenye lori, wakasimama hapo hadi injini ilipowaka. Yazid aliendesha kwa jicho moja, la pili limevimba, akilia kila lori liliporuka, mwendo wa saa saba hadi Riyadh.

Kwenye uwanja wa ndege siku ya pili, askari wa pasipoti alikagua ukurasa wa picha, mzima, kingo zake nyeusi.

"Kidole."

Risper alifungua kitambaa. Mashine ikakataa cha shahada, ikakataa cha kati, ikakataa gumba. Askari alipoona kile Risper alichokuwa akikibonyeza kiooni, akayaondoa macho.

"Mkono mwingine," akasema taratibu.

Mkono wa kushoto ukakubali. Muhuri ukagongwa, mlango ukafunguka, na hapo ndipo Risper alipolia, kwa sauti, bila kumwonea haya mtu.