Ndoo ya Kutemea Mvinyo

Mwaka wa 2018 nilikuwa nesi wa kuzunguka majumbani kwa wagonjwa, huku Dallas. Meneja wetu, Mmarekani mpole mwenye kupenda sana mambo ya Italia, alitualika manesi wachache tukaonje mvinyo katika hoteli moja kule Irving. Nilitoka zamu asubuhi, nikalala kidogo, nikaenda bila kula. Nilijua tutalishwa. Kumbe ni vijiti vya mkate mkavu na jibini iliyokatwakatwa kama ya kulishia ndege.

Mzee mwenye duka la mvinyo alituambia chupa zote zimetoka kaskazini mwa Italia. Tulianza na Soave, mweupe, wenye ukali wa ndimu changa. Ikaja Barbera, kisha Barolo, iliyoukausha ulimi wangu kama chai ya rangi iliyosahaulika kwenye birika. Niliipenda, na nilijishangaa kuipenda.

Wenzangu walikuwa wakisukutua na kutema ndani ya ndoo ndogo ya chuma iliyokaa mezani, kama wafanyavyo waonjaji wa mvinyo ili wasilewe. Moyo wangu ulikataa. Nililelewa nikijua kwamba kutema mbele ya mwenyeji wako ni matusi. Nikameza glasi zote.

Ya mwisho ilikuwa Amarone, inayotengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa kwanza hadi zikanyauka. Ilikuwa nzito, ikapanda kichwani moja kwa moja. Meneja akanigeukia.

"Na wewe, umeionaje?"

Kwetu mkubwa akikuuliza neno mbele ya watu, unasimama. Nikasimama. Chumba kikazunguka, nikanyoosha mkono nishike meza, nikashika ndoo. Mate na mvinyo wa meza nzima vikamwagika kwenye sketi ya meneja ya rangi ya maziwa, vikateremka hadi viatuni.

Nikachukua kitambaa, nikapiga magoti, nikaanza kumfuta viatu.

"Inuka, tafadhali," alininong'oneza. "Tafadhali. Watu wanatutazama."

Nilipoinua macho ndipo nilipoona walichokuwa wakikiona: Mwafrika pekee mle ndani, yuko chini, anapangusa viatu vya mzungu. Uso wa meneja ulikuwa mwekundu, na si kwa sababu ya sketi.

Mume wangu alikuja kunichukua, binti yetu akiwa kiti cha nyuma. Mtoto alininusa, akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba Mama ananukia kama kanisani baada ya komunyo. Baba yake aliongeza sauti ya redio. Hakuniuliza lolote hadi tulipofika nyumbani, na hata hapo aliuliza tu kama nitakula ugali.

Jumatatu nilienda ofisini kuomba msamaha. Meneja alifunga mlango.

"Sketi si kitu," alisema. "Lakini usinipigie magoti tena. Sikulala usiku ule."

Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya sketi. Nikasema, "Sawa."

Tangu siku hiyo alizungumza nami kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Mwaka uliofuata alinialika tena. Nilimwambia niko zamu, na sikuwa zamu. Siku hiyo nilikaa ndani, nikamwambia mume wangu asiache gari letu mbele ya nyumba, asije mtu wa kazini akapita akaliona.