Katuni ya Saba

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya foleni, kaka yangu Magesa alipofika kwangu Mwisenge kutoka Bunda, gazeti likiwa kwapani. Gazeti hilo nililichorea katuni ya kila Jumapili. Mhusika wake alikuwa mtu wa foleni ya sabuni, anaweka jiwe limshikie nafasi, kisha analala hadi duka linafungwa. Koti lake lilikuwa na vifungo vitatu. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili: hata koti la Magesa lilikuwa na vitatu.

"Mdogo wangu, unanichoraga nimelala tu," alisema. "Wanangu wanaitwa watoto wa Usingizi. Nichore siku moja nimeamka, nina mche wa sabuni mkononi."

"Ukiamka nani atacheka?"

"Mimi."

Katuni sita zilikuwa tayari kupanda basi la Dar es Salaam. Barabara ilikuwa mbovu, nikituma za majuma sita kwa mpigo. Kuchora nyingine kungenimalizia wino, na wino ulikuwa adimu kuliko sabuni. Nikamwambia ya saba. Akasema ya pili. Tukavutana kama tunauziana ng'ombe.

"Haya, ya saba," akachoka. "Lakini vifungo viwe vinne."

Nikajiona nimeshinda.

Juma la tano homa ikamchukua. Tulimzika kwetu Butiama. Matangani, mwalimu mmoja akaja na gazeti kutoka Musoma, akidhani atatuliwaza. Shemeji, mke wa Magesa, akalifunua. Kwenye katuni, Magesa amelala chali, mikono kifuani, jiwe kichwani. Chini nimeandika: "Msimwamshe, leo hakuna sabuni."

"Shemeji," akauliza taratibu, "hii uliichora lini?"

Nilimweleza habari za basi. Hata mimi sikujisikiliza.

Mkono ulikataa kuchora muda mrefu. Nilipoimaliza ya saba, biashara ilishafunguliwa, sabuni zinatembezwa barabarani hadi zinakera. Mhariri akanirudishia: foleni hazichekeshi tena. Ninayo sandukuni. Vifungo ni vinne, nimehesabu mara mbili.

Mwanangu, mtu wako akikuomba heshima ndogo iliyo mkononi mwako, usimpangie zamu. Mpe siku hiyo hiyo, kazi iharibike ikibidi. Usidhani uzee utakupoza majuto; mimi haujanipoza. Mungu akupe mkono mwepesi, na unaowapenda uwawahi wakiwa macho.