Haradali Isiyochemshwa

Shangazi yangu aligoma kutia saini. Mkaguzi wa vyakula alikuwa ameshaweka fomu mezani, baba yangu ameshamsogezea kalamu, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiomba kimoyomoyo asaini tu yaishe. Fomu nzima haikuwa na shida ila mstari mmoja: "Bidhaa huchemshwa baada ya kufungwa kwenye chupa." Asiposaini, hapati kibali, ambacho mwaka huu kimekuwa lazima. Asipopata kibali, duka la ushirika linaondoa haradali yake kwenye rafu Ijumaa hiyo hiyo, na jiko lake la uani linafungwa.

"Sichemshi," alisema. "Sasa nisaini kwamba nachemsha?"

"Dada, ni karatasi tu," baba alinong'ona, ingawa kunong'ona kwa baba kunasikika mpaka barabarani. "Chemsha moja ya kumwonyesha, zingine endelea kama kawaida."

Shangazi alimtazama kaka yake kuanzia utosini mpaka kwenye ndara. "Wewe nyamaza. Wewe ndiye uliyenipa jina."

Hapo baba alinyamaza kweli, na mimi ninayemjua nilishangaa.

Ili mtu aelewe kwa nini alinyamaza, lazima nirudi nyuma kidogo. Shangazi alipika miaka ishirini na sita kwenye kantini ya karakana. Huko hata chumvi haikuwa yake. Msimamizi alikuja, akachovya kidole kwenye sufuria, akasema punguza, naye akapunguza. Kesho yake kidole kikarudi na kusema ongeza. Siku ya kustaafu walimpa chupa ya chai na cheti chenye jina lililokosewa. Chupa ya chai alimpa jirani, cheti akakitandika kwenye droo ya vijiko. Kisha akatutangazia kwamba kuanzia siku hiyo atatengeneza kitu kimoja tu, cha kwake, na atakayechovya kidole bila ruhusa atakiona cha moto.

Kitu chenyewe kikawa haradali. Alinunua mbegu kwa muuza viungo, za njano kwa upole na za kahawia kwa ukali, akazisaga kwa jiwe kwa sababu mashine, alisema, inazitia joto kabla ya wakati. Unga huo aliulowesha kwa maji baridi. Halafu alisimama mbele ya saa ya ukutani, mikono kiunoni, asizungumze na mtu. Ukali wa haradali haumo kwenye mbegu kavu. Huamka ukikutana na maji, hupanda kwa dakika kadhaa, kisha huanza kushuka. Kazi yake ilikuwa kuukamata ukiwa juu. Alikuwa akiinama, ananusa, machozi yakimtoka ndipo anamimina siki na chumvi. Siki huufunga ukali pale pale ulipofika. Chupa tupu ndizo alizozichemsha, akazianika zikakauka kabisa, akajaza, akafunga, akaziweka wiki tatu kwenye kabati la giza, maana haradali ya siku ya kwanza ni chungu kama dawa.

Mwaka wa kwanza baba aliingilia. Baba ni fundi friji na anaamini kila kitu duniani kina vijidudu. "Chochote cha chupa lazima kichemke, dada. Hilo hata mtoto anajua," alimwambia. Shangazi, aliyezoea miaka ishirini na sita kuambiwa punguza na ongeza, akatii. Alizipanga chupa arobaini kwenye masufuria, akazichemsha saa nzima, akazipeleka dukani.

Joto liliua kila kitu. Ukali wote uliondoka, kikabaki kitu cha njano, kizito, kisicho na habari. Mwashi mmoja alikipaka kwenye mkate mbele ya duka, akatafuna, akasubiri, akasema kwa sauti, "Mama, hii si haradali. Huu ni uji." Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unamwita Mama Uji. Miaka tisa imepita na bado wapo wanaomwita hivyo, hata wale wanaonunua chupa mbili mbili. Niseme ukweli, mimi mwenyewe nilicheka siku ile, na sijajisamehe.

Kwa hiyo aliposema "sichemshi", hakuwa anabishana na mkaguzi peke yake.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kofia ya nailoni na subira nyingi. "Mama, mimi nakuelewa," alisema. "Ila chakula cha chupa kikiharibika kinaua watu."

"Basi ngoja." Shangazi alichukua chupa moja ya mwezi ule, akaitia kwenye sufuria mbele yetu, akawasha jiko, akageuza saa ya mezani ituelekee. Tulisubiri saa nzima kama tuko msibani. Chupa ilipotoka na kupoa, aliiweka kando ya nyingine ambayo haikuguswa, akampa mkaguzi vijiko viwili. "Hii nimetii. Hii sijatii. Onja."

Mkaguzi alionja ya kwanza, akatingisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoihitaji. Akaonja ya pili. Alipiga meza kwa kiganja, akakohoa, kofia ikamwendea upande, machozi yakamtoka. Baba alimkimbilia na maji.

"Mungu wangu," alisema alipopata sauti. Kisha akajifuta, akakaa sawasawa. "Lakini mama, mimi sikuja kuangalia utamu. Nimekuja kuangalia usalama."

Alikuwa sahihi, na shangazi alijua.

"Pima basi," shangazi alisema. "Unapima achari za watu, sivyo? Kinacholinda achari ni siki. Na hii inalindwa na siki. Wewe umeniletea fomu ya jamu, dada yangu. Mimi sipiki jamu."

Mkaguzi aliitazama ile fomu. Akaigeuza, akaigeuza tena. Kweli, juu kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: jamu na matunda ya sukari. Alitoa mkobani vikaratasi vya kupimia asidi, akachovya kimoja kwenye chupa ya mwezi ule. Shangazi akainama chini ya kabati, akatoa nyingine yenye vumbi, ya miaka miwili. Mkaguzi akachovya tena. Vikaratasi vyote viwili viligeuka rangi ile ile. Alivilinganisha na jedwali lake, akafungua kitabu cha kanuni, akasoma ukurasa wa vyakula vya siki huku midomo ikicheza, sisi watatu tukihesabu pumzi zake.

"Hiki hakilazimiki kuchemshwa," alisema hatimaye, akatoa fomu nyingine. "Chupa moja nitaipeleka maabara kwa kumbukumbu. Hiyo ya vumbi." Akaanza kujaza. Shangazi alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alipofikishiwa kalamu alisaini pole pole, jina lake lote, bila kosa hata moja.

"Imebaki jina la bidhaa," mkaguzi alisema. "Ndilo litakaloandikwa kwenye kibali na kwenye lebo."

Baba, aliyekuwa anatafuta namna ya kujisafisha, alidakia. "Andika Haradali Bora!"

"Andika Mama Uji," shangazi alisema.

Kalamu ilisimama. "Mama, watu watadhani ni uji."

"Wakifungua wataona." Alikuwa ameshasimama, anafunga mfuniko wa ile chupa iliyochemshwa. Alimkabidhi baba mikononi. "Hii yako, kaka. Ukaile na mkate."