Hakuna Kitu Nashindwa

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya ukalimani hapa Bunia, chef de mission, yaani mkubwa wa shirika lililoniajiri, aliniuliza nilisomea Kiingereza wapi. Nikamjibu: kwenye mpaka wa Mahagi, nikibishana bei ya samaki na watu wa Uganda. Alitaka kunijaribu wiki moja, mimi nikaomba mwezi. Tulipatana katikati, na nilibaki mpaka nywele zikaisha kichwani.

Shirika lile lilitengeneza miguu ya bandia. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo mna simu ya kutafsiri. Sisi tulikuwa na kichwa tu. Nilidhani neno moja lingenitosha, kilema, na kwa Kifaransa handicapé, basi. Asubuhi ile ile, kwa Kiingereza, nikasema "cripple". Chef akainua kidole.

"Papa Faustin, hilo neno tulilizika. Usilifukue."

Nikajaribu "lame", yaani kiwete. Hilo, akasema, tuwaachie farasi. Bunia haina farasi, kwa hiyo nikawaachia mbuzi.

Yakabaki maneno matatu, na hayo myashike, maana yanafanana kama ndugu lakini kila moja linakula sahani yake. Impairment ni kile kilichoharibika mwilini. Disability ni kazi ambayo mwili huo hauiwezi tena. Handicap ni mlango ambao watu wanakufungia kwa sababu hiyo.

Niliyaelewa vizuri nilipotumwa Nizi, kwenye machimbo ya dhahabu. Mchimbaji mmoja alipondwa vidole na jiwe shimoni. Vidole vile ni impairment. Kushindwa kushika chepeo la kuchimbia ni disability. Lakini kuosha mchanga wa dhahabu aliweza bado, ila mkubwa wa shimo alimfukuza, eti mkono ule unaleta mkosi.

"Basi mkubwa wa shimo ndiye handicap," nikamwambia chef.

"Leo ndiyo umeanza kazi," akajibu.

Baadaye wakanihamishia Gety, chini ya mkuu wa tathmini, yule anayepima nani apewe mguu, mama mmoja mzungu mwenye sauti ya chini. Miguu ilikuwa michache, nami niliihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Kwa hiyo kulikuwa na sheria: impairment peke yake haitoshi. Mguu anapewa kwanza mwenye disability, yule anayesema kwa kinywa chake kazi gani inamshinda. Ni sheria nzuri, kwa watu wenye desturi ya kusema.

Mama Bahati, mjane wa huko, alikuja na magongo aliyochonga mwenyewe. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti. Kando yake aliketi baba mkwe wake, mzee aliyevaa koti, mikono juu ya fimbo. Mkuu akauliza, nami nikafikisha:

"Mama, kazi gani inakushinda?"

"Hakuna kitu nashindwa. Nalima, nachota maji, natwanga. Yote niko nafanya."

Goti lake lilikuwa gumu kama kisigino. Mama huyu alilima akitambaa.

Nikamwomba mkuu tumpeleke nyuma ya pazia kupima kisiki, yaani kipande cha mguu kilichobaki. Mzee hakufuata, mkwe haangalii mapaja ya mke wa mwanawe. Hapo nikamnong'oneza Mama Bahati:

"Mama, sema tu unashindwa kulima. Mguu utapata."

"Papa, weye ni mutu wa wapi?"

"Mahagi."

"Na kwenu kule, bibi mwenye kusema nashindwa, banamufanya nini?"

Nikaishika kamba ya kupimia kisiki, naye akaendelea.

"Bwana yangu alikufa. Huyu muzee iko natafuta tu sababu. Ataomba ng'ombe zake za mahari kwa baba yangu, miye nitarudishwa kwetu, batoto batabakia hapa kwake. Nitatembea muzuri na mguu ya plastiki. Nitatembea kwenda kwa nani?"

"Lakini hapa hakusikii."

"Mguu yenyewe ataiona, Papa. Chef ya mtaa alitangaza mbele ya batu yote: inapewa mwenye kushindwa."

Nilimweleza mkuu kila kitu. Aliweka kalamu chini.

"Hiyo ni handicap," akasema. "Labda nzito kuliko zote nilizoona. Lakini mguu siwezi kuutoa kwa ajili ya handicap."

Nilibishana kama siku zile za mpakani. Nilianzia mguu, nikashuka, nikashuka tena, mpaka magongo mapya. Magongo alipewa kila mtu, hayakuwa na aibu. Mama Bahati aliyapokea kwa mikono miwili, akaondoka nyuma ya mkwe wake, akijitahidi asiachwe.

Kazi yetu ndiyo hiyo. Kila neno nililipeleka mahali pake, na neno halikumwinua mtu.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Nyakasanza kwa mwanangu. Tangu nilipougua kiharusi, damu ikapanda kichwani, mguu wa kuume umelegea. Juzi alipita kijana wa afya, nyumba kwa nyumba, akanikuta nimekaa uani. Mwanangu na mke wake walikuwa wamesimama mlangoni. Usiku mimi nawasikia, ukuta wetu ni mwembamba: wanazungumza kunirudisha Mahagi, kwenye nyumba ambayo haina mtu tena.

"Papa," kijana akauliza, "kazi gani inakushinda?"

Nilitazama ngazi ya choo, nikatazama ndoo ya maji.

"Hakuna kitu nashindwa."

Kijana akashukuru, akaenda kwa jirani. Nikabaki kwenye kiti changu, nikiongea juu ya mvua, mpaka wote wakaingia ndani. Ndipo nikaanza kujaribu kusimama.