Upara wa Mama Kaza

Ungemwona Mama Kaza kwenye kiti cha daktari, pochi kaikumbatia kifuani kama mtu aliyezungukwa na vibaka, usingeamini kuwa ndiye aliyewatoa machozi wanawake wazima na bado wakamlipa na kumshukuru. Saluni yake ilijaa tangu asubuhi kwa sifa moja tu: rasta zake hazilegei. Alikamata vinywele vya pembeni ya paji la uso, akavivuta mpaka nyusi zikapanda juu, na mteja akitoka hapo analala kifudifudi siku mbili tatu. Jina la Mama Kaza walimpa wao wenyewe, na alilipenda.

Leo kitambaa chake kilikuwa mezani na kichwa kiko nje. Kuanzia kwenye paji la uso hadi juu ya masikio ilibaki ngozi tupu inayong'aa. Nywele zilikuwa zimejikusanya kisogoni. Nywele zake mwenyewe alizikaza kuliko za mtu yeyote, maana ndizo zilizokuwa tangazo lake. Hata mumewe hakuwahi kuuona upara huo. Alilala na kilemba miaka yote, na mume, Mungu ambariki, hakuuliza. Aliyejua ni mdogo wake tu, aliyekuwa akisuka naye saluni, ambaye sasa alikaa pembeni akitafuna kucha. Siku wateja wakijua, nani atakalia kiti cha msusi mwenye upara? Wangevuka barabara kwenda kwa yule mwenye saluni ya vioo, na yeye angebaki kuwasuka nzi.

"Njia ziko mbili," daktari alisema, mwanamke wa makamo asiye na haraka. "Ya kwanza, nakata ukanda wa ngozi hapa kisogoni, nashona. Ukanda ule tunaugawa, mzizi mmoja mmoja, tunapanda mbele. Kisogo chote sikinyoi, na nywele za juu zinafunika mshono. Ya pili, sikati ukanda. Nang'oa mizizi kwa kisindano chenye tundu, mmoja baada ya mwingine. Hapo hakuna mshono, ni vidoti tu. Ila kisogo lazima kinyolewe, na nywele zetu hizi zimejikunja hata chini ya ngozi, kwa hiyo mizizi mingine itakatika nikiichomoa."

"Ya kwanza," Mama Kaza alisema kabla daktari hajameza mate. Kunyolewa hakutaka hata kukusikia.

"Una kovu lolote lililowahi kuvimba? Ngozi ya namna hiyo siwezi kuikata ukanda mrefu."

"Sina."

Mdogo wake aliacha kutafuna kucha. Yeye alikuwepo siku maji yanayochemka, yale ya kuchovyea ncha za rasta, yalipomwagikia mkono wa dada yake. Kidonda kilipona, lakini kovu halikujua pa kuishia. Likaendelea kuvimba mpaka likawa nene na gumu juu ya kiwiko, na Mama Kaza akahamia kwenye mikono mirefu.

"Dada, umemdanganya daktari," alimwambia walipofika koridoni.

"Ningesema, angenikatalia."

"Na kisogo kikivimba kama mkono?"

"Nitavaa kitambaa. Si nimeshazoea?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Mwambie, halafu usinijue tena."

Mdogo mtu akaufyata. Tangu utotoni hakuwahi kumshinda dada yake kwa maneno.

Siku ya kupasuliwa Mama Kaza aliomba abaki na sweta, eti anasikia baridi. Muuguzi alipoleta kipimo cha presha, alimpa upesi mkono mzima. Presha ilikuwa juu kidogo. Wakasema ni woga, na kweli ulikuwa woga, ila si wa sindano. Alilazwa kifudifudi, kisogo kikachorwa mstari kwa kalamu. Akajipongeza kimoyomoyo kuwa mambo yamepita.

Hapo ndipo kovu lilipoanza kuwasha. Lilikuwa na tabia hiyo, likipata joto. Mama Kaza alijikaza kisabuni. Akauma mto, akahesabu vigae vya sakafuni, akavuta pumzi. Muwasho ukapanda begani ukarudi chini. Nyuma yake alisikia chuma kikiwekwa juu ya sinia, na daktari akisema, "Sasa utasikia sindano ya ganzi. Usitikisike." Mkono ukamshinda nguvu. Ukatoka ubavuni wenyewe, ukaanza kukwangua sweta kwa kucha zote.

"Unawashwa na nini, mama?"

Daktari aliweka sindano chini, akapandisha mkono wa sweta, akatazama kwa muda mrefu.

"Ungetoka hapa na kamba nyuma ya kichwa," alisema mwishowe, bila kupaza sauti, na hilo lilimtisha zaidi. "Kamba inayokua."

Kilichofanyika siku hiyo kilikuwa kidogo. Alinyolewa sehemu ndogo nyuma ya sikio, ikang'olewa mizizi michache kwa kisindano, ikafunikwa plasta. Wangesubiri miezi waone kama hata vidoti vitavimba. Alipokuwa akifunga kitambaa, daktari alimuuliza, "Na hao unaowasuka, unawavuta hivyo hivyo?" Mama Kaza akainama kutafuta viatu vyake.

Kesho yake saluni ilijaa. Kwenye benchi alikaa karani wa benki, mteja wake wa enzi za usichana wao, aliyeacha kusukwa tangu ajifungue, nadhifu kama kawaida yake, na binti yake wa darasa la kwanza aliyekuja kusukwa kwa mara ya kwanza.

"Mkaze kama ulivyonikaza mimi," karani alisema. "Zikae mpaka shule zifunge."

Mama Kaza alichana njia, akakamata vinywele laini vya pembeni, akavuta. Nyusi za mtoto zikapanda. Hakulia, alikodoa macho tu kwenye kioo, na Mama Kaza akamwona, akaogopa mikono yake mwenyewe. Akaviachia vile vinywele. Alijua saluni nzima inamtazama na alijua anachokwenda kupoteza. Akafungua kitambaa.

"Dada," mdogo wake alinong'ona.

"Nilijisuka mwenyewe, kwa mkono huu huu," Mama Kaza alimwambia karani. "Sasa niambie, mtoto nimkaze kiasi gani?"

Hakuna aliyecheka. Karani wa benki aliinuka, akasogea mpaka mbele ya kioo, akavua wigi lake. Kuanzia kwenye paji la uso hadi juu ya masikio hapakuwa na kitu.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni uzazi."